Damu ya Pande Mbili

Katika nchi ya Wahaya hakuna jambo linaloulizwa mapema na kujibiwa kwa uangalifu kama habari za damu. Kijana anapotafuta mchumba, wazee huuliza kwanza muziro wa ukoo wa binti, maana watu wa muziro mmoja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Zamani marafiki wawili walipotaka kuwa zaidi ya marafiki walichanjana, wakatwaa tunda la buni lenye punje mbili, kila mmoja akaipaka punje yake damu na kumpa mwenzake aimeze. Baada ya hapo kumtupa mwenzako wakati wa shida ilikuwa sawa na kumtupa ndugu wa tumbo moja. Wazee wetu hawakuwa na darubini. Hata hivyo waliamini kwamba ndani ya damu kuna jambo linalopita kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, na kwamba jambo hilo lina sheria zake.

Nataka kueleza jinsi wataalamu wa sayansi walivyofika kwa njia yao wenyewe mahali panapofanana na hapo, na jinsi sehemu kubwa ya safari yao ilivyopita kwetu Afrika Mashariki, kando ya Ziwa Victoria na pwani. Nitatumia ugonjwa mmoja tu, yaani selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndio ugonjwa wa urithi uliowafundisha wataalamu kwa mara ya kwanza kwamba kasoro ndogo katika kitu kimoja ndani ya mwili inaweza kumwumiza mtu mzima maisha yake yote. Pili, ugonjwa huu umekaa vijijini mwetu miaka mingi ukiitwa majina yasiyo yake.

Majina hayo yalikuwa laana, mkosi na uchawi. Katika shule moja ya msingi niliyofundisha katika miaka ya 1970 alikuwepo mvulana wa darasa la nne mwenye macho ya manjano na miguu myembamba. Kila mvua za masika ziliposhusha baridi alikosa masomo siku tano au sita, na aliporudi alisema kwamba mifupa ilikuwa ikimwuma. Mwalimu mmoja alimhesabu kuwa mtegaji, akamchapa pamoja na watoro. Nyumbani kwao mambo yalikuwa mazito zaidi. Mama yake alikwisha kuzika watoto wawili kabla hawajatimiza miaka mitatu. Upande wa mume walisema mwanamke huyu ameleta mkosi kutoka kwao. Waganga wawili waliitwa. Mmoja akamtaja jirani, mwingine akataja marehemu asiyetulizwa. Baba alishauriwa aoe mke mwingine, akaoa. Mvulana alifariki akiwa darasa la sita, na baada ya matanga mama akarudishwa kwao. Katika maneno yote yaliyosemwa msibani, hapana aliyeuliza habari za damu ya baba.

Wakati ule jibu lilikuwa limekwisha kupatikana zaidi ya miaka ishirini. Hebu tulifuate lilikotoka.

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, alichapisha habari za kijana mmoja mwanafunzi wa udaktari wa meno, aliyetoka kisiwa cha Grenada. Kijana huyo alikuwa na upungufu wa damu, na damu yake ilipotazamwa kwa darubini ilionyesha chembe nyekundu zilizopinda kama mundu. Chembe nyekundu ya kawaida ni duara na laini, hupita katika mishipa myembamba bila taabu. Mwaka 1922 ugonjwa ukapewa jina la mundu. Kwa muda mrefu madaktari wa Marekani waliudhani kuwa ugonjwa wa watu weusi wa huko tu, kana kwamba watu hao hawakuwa na asili mahali pengine.

Mwaka 1949 ndio uliofungua milango. Linus Pauling na wenzake wa California walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa, yaani ile rangi nyekundu inayobeba hewa katika damu, ni tofauti na ya watu wengine. Mwaka huo huo James Neel huko Marekani, na daktari E. A. Beet aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, kila mmoja kwa njia yake alieleza jinsi ugonjwa unavyorithiwa. Mtoto mgonjwa amepokea alama ya ugonjwa kutoka kwa baba na kwa mama, wote wawili. Mwenye alama moja tu ni mbebaji, naye kwa kawaida ni mzima. Mtawa Gregor Mendel alikuwa amekwisha kueleza sheria ya namna hiyo mwaka 1866 kwa kupandisha njegere katika bustani ya monasteri yake. Sisi tuliosomea ualimu tulikariri njegere za Mendel kwa ajili ya mtihani. Kwamba sheria ile ile ilikuwa ikitembea katika nyumba za majirani zetu, kitabu hakikutuambia.

Tena ni mwaka huo huo wa 1949 ambapo habari iliingia kwetu. Nchini Uganda, Hermann Lehmann na Alan Raper walipima damu za watu wa makabila mbalimbali. Miongoni mwa Baamba, waishio chini ya milima ya Ruwenzori upande wa magharibi, walikuta watu 45 kati ya kila 100 wana alama ya mundu, wakati katika makabila mengine ya nchi hiyo hiyo wabebaji walikuwa wachache sana. Kijana mwingine, Anthony Allison, aliyelelewa Kenya na kusomea udaktari Oxford, alikuja mwaka huo na msafara wa kupanda Mlima Kenya. Akatumia nafasi hiyo kukusanya damu sehemu nyingi za Kenya. Alikuta kwamba pwani na kando ya Ziwa Victoria watu zaidi ya 20 katika 100 ni wabebaji, lakini kwenye nyanda za juu na sehemu kame ni mmoja au hakuna.

Hapo ndipo swali lilipozaliwa. Ikiwa watoto wenye alama mbili hufa wakingali wadogo, mbona alama yenyewe haijaisha? Ingepasa kupungua kizazi hadi kizazi, kama mbegu mbaya isiyopandwa tena. Allison aliyekulia Kenya aliitazama ramani yake akaona jambo ambalo mtu wa hapa hawezi kulikosa: mahali penye alama nyingi ni mahali penye mbu wengi.

Alirudi mwaka 1953 kulithibitisha. Kampala alipima watoto 290 wa Kiganda. Miongoni mwa wabebaji, wenye vimelea vya malaria walikuwa 28 hivi katika 100. Miongoni mwa wasio na alama walikuwa 46 hivi. Kisha Wajaluo 30 walijitolea kuambukizwa malaria chini ya uangalizi wa daktari. Kati ya 15 wasio na alama, 14 walipata vimelea. Kati ya wabebaji 15, wawili tu. Leo jaribio kama hilo lisingefanyika bila kamati ya maadili kulichunguza kwanza. Vitabu humsifu Allison, na anastahili, lakini ni haki nasi tuwakumbuke wale 30 walioitoa miili yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, na katika miaka hiyo upimaji uliendelezwa katika makabila mengi ya Uganda, Kenya na Tanganyika. Siku hizi inajulikana kwamba alama moja ya selimundu hupunguza hatari ya malaria kali kwa karibu asilimia 90.

Maana yake ni nzito. Wazazi wasio na alama walizika watoto kwa malaria. Wazazi wote wawili wenye alama walizika wengine kwa selimundu. Waliobaki hai wakaendeleza ukoo walikuwa kwa wingi wale wa katikati, wenye alama moja. Kwa hiyo ile alama tuliyoiita laana ndiyo iliyowavusha mababu zetu wengi katika nchi ya mbu. Imo katika damu ya koo zetu kama kovu la vita vya zamani ambavyo havijaisha.

Mwaka 1956 Vernon Ingram wa Cambridge alimaliza sehemu iliyosalia. Himoglobini hujengwa kwa minyororo ya viungo vidogo viitwavyo asidi amino. Katika mmoja wa minyororo hiyo, wenye viungo 146, kiungo cha sita tu ndicho kilichobadilika. Kwa ajili ya kiungo hicho kimoja, hewa inapopungua himoglobini hushikamana na kuwa kama vijiti, chembe hupinda, mishipa myembamba huziba, na maumivu huanza. Baridi, kiu na homa huyachochea. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi; iliyopinda huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, ndiyo maana macho huwa ya manjano na damu hupungua. Yule mvulana wa darasa la nne alikuwa anasema kweli kila neno.

Nilipofundisha urithi nilizoea kutumia buni, maana kila mtoto wa Muleba anaijua. Tunda moja lina punje mbili. Chukua tunda la baba, ambalo punje moja ni nzima na nyingine ina alama. Chukua na la mama, lililo vivyo hivyo. Kila mzazi humpa mtoto punje moja, wala hachagui ni ipi. Basi yako matokeo manne: mtoto anaweza kupokea nzima mbili, au nzima ya baba na yenye alama ya mama, au yenye alama ya baba na nzima ya mama, au zenye alama zote mbili. Huyu wa mwisho ndiye mgonjwa. Ni nafasi moja kati ya nne. Wengi hukosea hapa, wakidhani kwamba wakishapata mtoto mmoja mgonjwa basi watatu wafuatao wamesalimika. Sivyo. Kila mimba ni kutia mkono upya katika mfuko ule ule. Nyumba moja inaweza kupata wagonjwa watatu mfululizo, na nyingine yenye damu kama hiyo isipate hata mmoja. Tofauti ya namna hii ndiyo iliyowapa waganga kazi.

Utafiti uliotoka mwaka 2020, uliohusu watoto wachanga wapatao 17,000 wa mikoa ya kaskazini-magharibi ya Tanzania wanaohudumiwa na hospitali ya Bugando ya Mwanza, ulionyesha kwamba wabebaji ni kama mmoja kati ya watano. Mwalimu wa hesabu ataendelea mwenyewe. Kama mmoja kati ya watano ni mbebaji, basi katika ndoa 25 moja itakutanisha wabebaji wawili. Katika ndoa hiyo mtoto mmoja kati ya wanne ni mgonjwa. Ishirini na tano mara nne ni mia moja: mtoto mmoja katika kila mia. Utafiti wenyewe ulikuta 1.2 katika kila mia. Kwa Tanzania nzima hukadiriwa kwamba watoto 11,000 hivi huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka.

Hesabu hiyo yatufundisha jambo kuhusu desturi zetu. Sheria ya muziro ni ya busara, nayo imezuia ndugu wa karibu kuoana. Lakini alama iliyomo katika mtu mmoja kati ya watano haikai katika ukoo mmoja, imo katika koo zote. Mzee anaweza kuuliza muziro kwa uangalifu wote, akatembea mpaka Karagwe kutafuta mke wa mbali, na bado akawakutanisha wabebaji wawili. Kuna jambo la pili. Sisi huhesabu ukoo kwa baba. Mtoto ni wa baba, jina ni la baba, na kibanja cha urithi ni cha baba. Mtoto akiwa na akili, amefuata ukoo wa baba yake. Lakini akiwa mgonjwa, ghafla ni wa mama. Sayansi ya vinasaba imeikataa hesabu hiyo. Imesema kwamba baba na mama hutoa sawasawa, na mtoto hawezi kupata selimundu kwa damu ya mama peke yake. Kwa maoni yangu, hakuna faida ya elimu hii iliyo kubwa kwa kijiji kuliko hiyo, kwa kuwa haihitaji fedha wala mtambo. Yahitaji mtu wa kuisema katika kikao cha ukoo.

Yaliyofuata katika tiba yalienda polepole. Mwaka 1948 daktari wa watoto Janet Watson, wa Brooklyn, alikwisha kuona kwamba damu ya watoto wachanga haipindi sana. Sababu ni kwamba mtoto tumboni hutumia himoglobini ya namna nyingine, ambayo huisha pole pole baada ya kuzaliwa. Ndiyo maana mtoto mgonjwa hustawi kama wenzake kwa miezi kadhaa, kisha akaanza kudhoofu, na majirani wakatafuta ni nani aliyemtazama kwa jicho baya. Mwaka 1986 ilithibitishwa Marekani kwamba penisilini, ikitolewa kila siku tangu utotoni, hupunguza maambukizi ya bakteria wa nimonia kwa watoto hawa kwa asilimia 84. Mwaka 1995 dawa ya haidroksiurea ilionyeshwa kupunguza karibu nusu ya vipindi vya maumivu kwa watu wazima, kwa kuiamsha tena ile himoglobini ya utotoni. Dawa hiyo ilitengenezwa kwanza Ujerumani mwaka 1869. Wagonjwa wa Afrika walisubiri zaidi. Matokeo ya utafiti uliofanywa Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda yalichapishwa mwaka 2019: watoto waliopewa dawa hiyo walipata maumivu machache, waliongezewa damu mara chache, waliugua malaria mara chache, na vifo vilipungua.

Hilo la malaria lisisahauliwe. Alama moja humkinga mtu, lakini mwenye alama mbili hana kinga hiyo. Malaria humwua upesi kuliko wengine. Chandarua na dawa ya kuzuia malaria ni sehemu ya tiba yake.

Kuhusu uzee, historia hii inatia moyo. Mtoto asiyejulikana kuwa na ugonjwa huu, mahali pasipo huduma, kwa kawaida hakufika umri wa kwenda shule. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walikadiria kwamba wagonjwa wa huko waliishi kwa wastani hadi miaka 42 kwa wanaume na 48 kwa wanawake. Umri huo bado ni mfupi kuliko wangu kwa miaka mingi, lakini ni umri wa kusoma, kufanya kazi na kuwalea watoto. Kwetu, mpango ulioanzishwa Muhimbili mwaka 2004 na Profesa Julie Makani na wenzake umefuatilia maelfu ya wagonjwa, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza watoto uloto wa mifupa kutoka kwa ndugu zao wanaolingana nao.

Mwaka huo huo wa 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba ya kuhariri vinasaba vya mgonjwa mwenyewe. Chembe zake za uloto hutolewa, hukatwa mahali pamoja palipochaguliwa ili himoglobini ya utotoni ifunguliwe tena, kisha hurudishwa mwilini. Yale aliyoyaona Janet Watson mwaka 1948 yamefika huko. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kahawa yote ya Buganguzi haiwezi kumnunulia mtoto mmoja tiba hiyo. Naifurahia kama mwalimu anavyofurahia jibu sahihi, lakini siwezi kumwambia mama aliye kijijini aingoje. Linalomfaa leo ni tone la damu kupimwa mtoto angali mchanga, penisilini, chandarua, maji ya kunywa, nguo nzito wakati wa mvua, na haidroksiurea inapopatikana kwa bei anayoiweza.

Sisi wa Kagera tumewahi kuona ugonjwa unavyofanya watu unapokuja bila maelezo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Kabla elimu haijaenea, watu waliuita Juliana kwa jina la nguo zilizotoka Uganda, wakatafuta wachawi, wakanyang'anyana mashamba ya marehemu, na wajane wakafukuzwa. Elimu ilipofika, hofu haikwisha, ila lawama zilipungua, na watu wakaanza kwenda kupima. Selimundu haiambukizwi kama UKIMWI, lakini njia ya lawama ni ile ile.

Yapo maswali ambayo sayansi haiwezi kutujibia. Vijana wawili waliopendana wakipimwa na wote wakakutwa wabebaji, je, waachane? Wapo viongozi wa dini na wazee wanaosema ndiyo, na nia yao ni njema. Mimi sikubali kwamba kikao cha ukoo kiwaamulie. Tukianza kuwatenga wabebaji tutakuwa tumemtenga mtu mmoja kati ya watano, na tutakuwa tumebadilisha jina la laana tu. Wapimwe mapema, kabla mahari haijatolewa, waelezwe hesabu ya buni bila kufichwa, kisha waamue wao. Wakioana, waingie katika ndoa wakijua kwamba kila mtoto atapimwa katika juma lake la kwanza, na kwamba akikutwa mgonjwa, wote wawili ndio waliompa.

Wazee wenzangu, wakati wa posa tunauliza mambo mengi: muziro, tabia, na kama katika nyumba ile mna ugonjwa wa kurithi. Tuongeze swali moja, na tuliulize kwa pande zote mbili: je, vijana hawa wamekwisha kupima damu? Kijana wetu naye aonyeshe cheti chake kwanza, kabla hatujamwomba binti wa watu chake.